Mwenzi wako si Mkenya? Tengeneza karatasi kabla ya kuvuka mpaka

Si ajabu tena kumkuta binti wa Makongeni aliyeolewa na Mtanzania, au kijana wa Kihunguro anayeishi na mchumba kutoka Uganda. Vyuo vikuu vilivyo kando ya barabara kuu ya Thika huleta wanafunzi kutoka kanda hii yote. Viwanda na kampuni za ujenzi huleta wageni wa mbali zaidi, na kuna wanaofahamiana kwa simu miezi mingi kabla ya kuonana. Mambo yakishakuwa mazito, wote hurudi kwenye swali moja: mgeni huyu ataishi hapa kwa karatasi gani?

Jibu linalotolewa mitaani ni rahisi mno. Siku zake zikikaribia kuisha, mpeleke Namanga, atoke, agongewe muhuri, arudi, kisha ndipo umwombee kibali. Kuna wanandoa waliofanya hivyo wakafanikiwa, na ndio wanaosimulia. Waliozuiwa dirishani, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, kwa kawaida hawasimulii.

Tuseme jambo moja mapema. Serikali ya Kaunti ya Kiambu haitoi kibali cha ukaaji, wala haiwezi kumsemea mtu mpakani. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeweka uhamiaji na uraia mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Ukienda ofisi ya kaunti ndogo Thika au Ruiru utaelekezwa tu. Makala haya yanakuelekeza ukiwa nyumbani, ili usipoteze nauli.

Muhuri wa mgeni una maana finyu. Unasema kwamba mtu huyu ameruhusiwa kuingia kama mgeni kwa siku kadhaa. Hausemi kwamba yeye ni mume au mke wa mtu, na haumpi haki ya kufanya kazi. Tangu Januari 2024 wageni wengi huomba idhini ya kielektroniki, yaani eTA, kabla ya kusafiri, na kwa kawaida huruhusiwa kukaa hadi siku 90. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji eTA, na chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, wanaweza kupewa hadi miezi sita. Anayehitaji muda zaidi huomba nyongeza akiwa hapa nchini, kabla siku hazijaisha.

Kutoka na kurudi hakumlazimishi afisa kuanza kuhesabu upya. Anaziona safari zilizotangulia, na ana haki ya kuuliza kwa nini mtalii huyu amekuwa akiishi Membley mwaka mzima. Akishapitisha siku bila kibali, jambo linageuka kuwa kosa. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwa hivyo kinachotangulia ni cheti cha ndoa, na hapa ndipo hesabu inapowaponyoka wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka notisi ya angalau siku 21 kabla ya ndoa ya kiserikali. Mgeni naye hutakiwa kuleta hati kutoka kwao inayoonyesha kwamba hana ndoa nyingine. Hati hiyo huchukua muda, na ikiwa imeandikwa kwa Kifaransa au Kiarabu, ongeza siku za kuitafsiri. Aliyewahi kuoa au kuolewa ataonyesha hati ya talaka, na mjane ataonyesha cheti cha kifo. Sasa chukua siku 90 za mwenzi wako, ondoa 21 za notisi, ondoa wiki za kungoja hati kutoka Bujumbura au Khartoum, uone zinabaki ngapi za kuombea kibali. Anayeanza siku ya sabini amechelewa. Ni afadhali mgeni aje na hati hiyo mkononi tangu safari ya kwanza.

Familia nyingi za hapa kwetu hudhani kwamba mambo yaliisha siku ya ruracio. Wazee walikaa, mbuzi walihesabiwa, picha zikapigwa. Kimila ni ndoa kamili, na sheria inaitambua pia. Lakini inawataka wanandoa wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe zinazohitajika kukamilika, ndipo wapate cheti. Afisa wa uhamiaji hapokei video ya ngurario badala ya cheti. Na kuishi pamoja bila kuoana, kule vijana wanakoita kamwistei, hakukupi cheti cha kumwombea mwenzako kibali cha mke au mume hapa Kenya, hata mkiwa na watoto watatu.

Mkiwa na cheti, Mkenya ndiye anayemdhamini mwenzake. Maombi ya kibali cha mtegemezi hufanywa kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Hutakiwa barua ya Mkenya anayeomba, nakala ya kitambulisho chake, cheti cha ndoa na pasipoti ya mgeni. Kibali hiki kinamruhusu kuishi nawe, si kuajiriwa. Akitaka kufungua duka Kamakis au kufundisha shule, ataomba kibali cha kazi kando. Wengi wamejikuta mashakani kwa kutolijua hilo, na mara nyingi anayewaripoti ni jirani mwenye biashara kama yao.

Baada ya miaka mitatu ya ndoa mwenzi anaweza kuomba ukaaji wa kudumu. Baada ya miaka saba, Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, mradi ndoa iwe bado ipo na haikufungwa kwa ajili ya kupata karatasi. Vijana huenda hawajui kwamba kabla ya Katiba ya 2010 njia hii ilikuwa ya mwanamume Mkenya aliyeoa mgeni. Mwanamke Mkenya aliyeolewa na mgeni hakuweza kumpa mumewe uraia. Mama wa Ruiru aliyekata tamaa mwaka 2005 ana sababu ya kuuliza tena.

Je, kama lazima msafiri kabla ya kuomba? Labda mna msiba Moshi, au wazazi wa Kampala wanataka kumwona mkwe. Nendeni, lakini nendeni kama wasafiri wa kweli. Namanga na Busia ni vituo vya pamoja tangu 2018: unasimama mara moja, upande wa nchi unayoingia, lakini madirisha ni mawili. Kwanza unagongewa kutoka, kisha kuingia. Kuna wanaoruka dirisha la kwanza kwa sababu foleni ni ndefu, halafu miezi baadaye wakiomba kibali inaonekana hawakuwahi kutoka nchini. Kati ya Kenya, Uganda na Rwanda kitambulisho cha taifa kinatosha. Kwa Tanzania beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mtoto awe na hati yake mwenyewe ya kusafiria na cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, abebe barua ya idhini yake.

Ukiulizwa huyu ni nani wako, sema ni mume wangu au ni mchumba wangu. Usimwite mfanyakazi mwenzako kwa kudhani utapita haraka. Jibu hilo linaweza kubaki kwenye rekodi, na siku ya kumdhamini litasomwa kando ya cheti chako.

Hali inakuwa ngumu zaidi pale Mkenya ndiye anayesafiri kumfuata mwenzi ng'ambo. Kila nchi ina mlango wake. Uingereza kwa kawaida haimruhusu aliyeingia kwa viza ya matembezi kubadilisha akiwa ndani na kuwa mwenzi. Itambidi arudi Kenya kuomba, na tangu Aprili 2024 wanaoomba upya wameonyesha kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Marekani ina viza ya wachumba, na sharti lake ni kwamba muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba. Wachumba wa simu, tiketi za ndege, mihuri na picha za mlipokutana zitawafaa hapo. Lakini anayeingia Marekani kwa viza ya utalii akiwa amekusudia kuolewa na kubaki, akamwambia afisa anakuja kutembea, anaweza kuhesabiwa kuwa alidanganya, na adhabu ya udanganyifu huo ni kuzuiwa maisha. Kanada ni laini kidogo. Sheria yao inakubali kwamba mtu anaweza kuja kwa muda huku ana nia ya kuhamia baadaye, ila lazima amridhishe afisa kwamba atatoka muda wake ukiisha. Pia inawatambua walioishi pamoja miezi 12 mfululizo bila harusi. Hapo ndipo kamwistei ina thamani, kama mna mkataba wa nyumba na bili zenye majina yenu wawili.

Malipo ya Serikali ya Kitaifa hufanywa kupitia eCitizen, nambari ya malipo 222222. Anayekutaka utume ada ya kibali kwa simu yake binafsi, hata kama amekukuta nje ya Nyayo House na faili kwapani, si afisa wa uhamiaji.