Saa ya Mkono na Fundi Wake: Kuchagua na Kutunza Saa Busia na Tororo

Saa ya mkono, iwe ya bei nafuu au ya maelfu ya dola, ina kazi moja tu, nayo ni kuugawa muda katika vipande vilivyo sawa na kuvionyesha mbele ya macho ya anayeivaa. Lakini namna kazi hiyo inavyofanyika, gharama ya kuiendeleza, na urahisi wa kumpata mtu anayejua kuifungua saa na kuifunga bila kuiharibu hutofautiana mno, kiasi kwamba saa inayomfaa mwenye ofisi Nairobi huenda isimfae kabisa mwendesha bodaboda wa Busia wala muuguzi wa Tororo. Kwa wakazi wa miji hii ya mpaka wa Uganda na Kenya, swali la kwanza kabla ya kutoa fedha lisiwe ni jina gani limeandikwa kwenye uso wa saa, bali ni nani ataitengeneza siku itakaposimama, na vipuri vyake vitatoka wapi.

Busia ni jina la miji miwili iliyogusana, mmoja upande wa Uganda na mwingine upande wa Kenya, ilhali Tororo uko ndani ya Uganda, mwendo mfupi kutoka kituo cha mpakani cha Malaba. Kabla ya mwaka 1902 pande zote mbili zilihesabiwa kuwa Uganda, na mpaka ulisogezwa baada ya Waingereza kuuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Reli iliyotoka Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901 ilipata baadaye njia nyingine iliyopitia Eldoret na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931, na Tororo ukawa njia panda ambapo tawi moja lilielekea Soroti. Reli hiyo ilileta nidhamu mpya ya saa, kwa kuwa treni mbili zinazokuja kutoka pande mbili juu ya njia moja hazigongani ikiwa tu wakuu wa vituo wanasoma dakika ileile. Kwa karne nyingi jua lilitosha kumwambia mkulima wakati wa kwenda shambani na wa kurudi, lakini halikuwahi kumwambia mtu dakika.

Hata hivyo hesabu ya jua haikuondoka, bali iliingia ndani ya saa yenyewe. Busia na Tororo ziko karibu sana na Ikweta, hivyo mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na ndiyo maana hesabu ya Kiswahili inayoanza na mapambazuko, ambayo Waganda pia wanayo katika lugha yao, inatimia hapa bila taabu: mshale mfupi unapoelekea 7, msomaji husema saa moja, na unapoelekea 1 husema saa saba, yaani huisoma namba iliyo mkabala na ile inayoonyeshwa. Saa ya mishale hurahisisha usomaji huo kwa sababu jicho huruka tu upande wa pili wa duara, lakini saa ya tarakimu humlazimisha mtu kutoa sita kichwani, na ikiwa imewekwa katika mfumo wa saa 24, ile 19:00 humtaka atoe kumi na nane ndipo apate saa moja usiku. Hii ni sababu nzito ya kumnunulia mzee au mtoto wa shule saa ya mishale, ingawa wauzaji ni nadra kuitaja. Jambo lililo jepesi ni kwamba Kenya na Uganda zinatumia majira mamoja, hivyo anayevuka Busia haigusi saa yake, tofauti na anayevuka kuingia Rwanda, ambako hurudisha mshale nyuma saa moja.

Ndani ya saa, mitambo iliyoenea ni ya namna mbili. Ya kwanza hutumia betri na kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatsi, ambalo likipitishiwa umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti ndogo huigawa idadi hiyo kwa mbili mara kumi na tano mfululizo mpaka libaki pigo moja kwa sekunde, na pigo hilo ndilo linalousukuma mshale. Saa ya mkono ya kwanza ya aina hii kuuzwa ilikuwa Seiko Astron, iliyotolewa Japani tarehe 25 Desemba 1969, ikiwa na bei iliyokaribia ya gari dogo, na kwa muda usiozidi miaka ishirini teknolojia hiyohiyo ikawa ya bei nafuu kuliko zote, huku viwanda vingi vya Uswisi vikifungwa. Aina ya pili haina betri. Nguvu yake hutoka katika kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa ambao hukazwa kwa kutia ufunguo, au, katika saa za otomatiki, kwa uzito mdogo unaozunguka kadiri mkono unavyotembea. Nguvu hiyo hupita katika magurudumu yenye meno na kuachiwa kidogokidogo na gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi, mara nyingi mapigo sita au nane kwa sekunde.

Tofauti hiyo inaeleza jambo ambalo wanunuzi wengi hulielewa kinyume. Saa ya kwatsi ya bei ndogo hupotoka kwa takriban sekunde 15 kwa mwezi, ilhali saa ya kamani iliyopata cheti cha upimaji cha Uswisi, ambacho ni kigezo cha juu, huruhusiwa kuchelewa kwa wastani wa sekunde 4 au kuwahi kwa sekunde 6 kila siku. Kwa hiyo anayenunua saa ya kifahari hanunui usahihi. Ananunua ufundi wa mikono, madini yake, umri mrefu wa chombo kinachoweza kufunguliwa na kurekebishwa kizazi baada ya kizazi, na heshima ya jina. Hayo ni mambo halali ya kulipia, lakini muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa kwa sekunde 60 anahudumiwa vizuri zaidi na saa ndogo ya betri yenye mshale wa sekunde unaoonekana, hali kadhalika mwanafunzi anayeingia katika chumba cha mtihani wa taifa, pande zote mbili za mpaka, ambamo simu hairuhusiwi.

Miongoni mwa saa za bei nafuu, mbili zinastahili kutazamwa kwa karibu. Casio F-91W, ya tarakimu na mkanda wa plastiki, imetengenezwa tangu mwaka 1989, ina uzito wa takriban gramu 21, na betri yake hukadiriwa kudumu miaka saba. Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, ni ya otomatiki yenye siku na tarehe katika dirisha moja, na nyingi za zamani haziwezi kutiwa ufunguo kwa mkono, hivyo ikikaa juu ya meza takriban siku mbili husimama, na watu wasiojua huipeleka kwa fundi wakidhani imekufa ilhali inahitaji tu kuvaliwa. Kwa kuwa zimesambaa kote duniani, vipuri vyake hupatikana, na mafundi wengi wanazijua ndani nje. Ipo pia saa ya njia ya kati, ambayo huchajiwa na mwanga kupitia uso wake na kuihifadhi nguvu hiyo katika betri ya kudumu. Kwa nchi yenye jua kama hii, ni ajabu kwamba aina hiyo haizungumzwi zaidi.

Maandishi madogo ya saa hueleza mengi kuliko jina kubwa, na mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya saa sokoni Busia afanye subira ayasome. Saa iliyoandikwa chini ya uso wake kwamba mtambo ni wa Japani haijadai kwamba saa yote imetoka huko, kwani kasha, kioo na mkanda huenda vimetengenezwa na kuunganishwa kwingine. Iliyoandikwa mgongoni kwamba mfuniko wa nyuma ni wa chuma kisichoshika kutu inasema kweli kuhusu mfuniko peke yake, na sehemu nyingine za kasha huenda zikawa za madini laini yaliyopakwa rangi ya fedha au dhahabu, ambayo jasho huila kuanzia pembeni, pale mkono unapogusa, mpaka manjano ya shaba yatokeze na ngozi ianze kuwasha. Kioo nacho kina daraja: cha plastiki hukwaruzika upesi lakini hakipasuki kirahisi, cha kawaida hukaa kati, na kile cha yakuti ya kiwandani kinakaribia almasi kwa ugumu, ingawa pigo kali la ubavuni huweza kukivunja. Kwa mfanyakazi anayeshinda katika vumbi la saruji la Tororo tofauti hiyo huonekana baada ya miezi michache.

Neno linalodanganya kuliko yote ni lile la maji. Mita 30 zilizoandikwa kwenye saa si ruhusa ya kuzama mita 30, bali ni kipimo cha shinikizo lililotumika kiwandani katika maji yaliyotulia, na maana yake katika maisha ni kunawa mikono na kunyeshewa kidogo. Mita 50 hutosha kuogelea kwa utulivu, mita 100 huvumilia kuogelea kwa nguvu, na 200 ndicho kipimo cha saa nyingi za wapiga mbizi. Mvuvi wa Majanji au Sio Port, anayetumbukiza mkono ziwani mara mia kwa usiku, aanzie 100. Na hata aliye nchi kavu asijidanganye, kwa sababu Tororo unajulikana katika kumbukumbu za hali ya hewa kwa wingi wa radi, na mvua inayoandamana nayo humkuta dereva wa bodaboda barabarani akiwa hana pa kujificha.

Bodaboda yenyewe ilizaliwa katika mpaka huu, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine, na inafaa kuwa kipimo cha saa ya hapa. Mtikisiko wa barabara ya murramu haujali kwatsi, lakini ekseli za gurudumu la mizani ndani ya saa ya kamani ni nyembamba karibu kama unywele, na ingawa saa nyingi za sasa zina kinga ya mshtuko, kuivaa kila siku juu ya usukani ni kuifupishia maisha. Mwenye saa ya gharama anayesafiri hivyo afadhali aivue na kuiweka mfukoni, ndani ya kitambaa, mbali na spika ya simu, maana sumaku iliyo ndani ya spika huweza kuukamata uzi wa mizani na saa ikaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku.

Kuhusu majina makubwa, ukweli unahitaji kusemwa kwa upole. Rolex, iliyoanzishwa London mwaka 1905 na kuhamia Geneva baadaye, ilitoa mwaka 1926 kasha la Oyster lililojifunga dhidi ya maji na vumbi, na sifa yake ina msingi. Lakini nchini Uganda neno hilohilo ni chapati iliyokunjwa na mayai, na saa nyingi zinazouzwa kwa jina hilo barabarani hazina uhusiano na Geneva. Mshale wa sekunde unaoruka pigo moja moja katika saa inayodaiwa kuwa ya kamani ni alama ya uongo, ingawa bandia nyingine huwa na kamani kweli na mshale wake huteleza vizuri. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia, na anayevusha saa za namna hiyo kwa biashara anaweza kunyang'anywa. Tena, unafuu wa ushuru uliowekwa kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani unahusu bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na saa haimo. Anayemiliki saa halisi ya kifahari aweke risiti, na ajue kwamba kuihudumia, kila miaka mitano au zaidi, kutamgharimu mamia ya dola na safari ya saa kwenda Nairobi au nje ya Afrika Mashariki.

Utunzaji wa kila siku ni mdogo. Jasho lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kifundo cha pembeni kisivutwe saa ikiwa imelowa, na tarehe isibadilishwe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa kuwa wakati huo meno ya gurudumu la tarehe yameshaanza kushikana na kulazimishwa kwake huyavunja. Betri iliyokwisha iondolewe mapema, isije ikavuja na kuila sakiti.

Kazi iliyobaki ni ya fundi, na anayetaka kumpima amtazame akibadilisha betri, shughuli ya dakika tano. Fundi mzuri huweka darubini ndogo jichoni, husafisha ukingo wa kasha kwa brashi kabla ya kulifungua ili vumbi lisiangukie ndani, na huishika betri kwa kibano cha plastiki, kwa sababu kibano cha chuma kikigusa nyuso zake mbili huipunguzia nguvu kabla haijafanya kazi. Kisha huuangalia mpira mwembamba unaozuia maji, huupaka mafuta kidogo au kuubadilisha ikiwa umekauka, jambo ambalo fundi mwenye haraka hulipuuza, na ndilo linaloamua kama saa itaishinda mvua ya jioni hiyo. Mfuniko ukishafungwa, huutazama mshale wa sekunde ukizunguka duara zima mara moja, hurekebisha dakika kwa kufuata simu yake, na kumkabidhi mwenyewe saa ambayo uso wake unaonyesha 4, huku wote wawili wakisema saa kumi.