Mfamasia Aliye Nyuma ya Kompyuta

Katika mwezi wa Julai mwaka 2013, katika hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, kijana wa miaka 16 alimezeshwa vidonge 38 na nusu vya dawa ya Septra kwa mkupuo mmoja, ilhali haki yake ilikuwa kidonge kimoja. Wala katika jambo hilo hapakuwa na mlevi, wala mvivu, wala mtu aliyekosa shahada ya kazi yake. Daktari alikuwa amesoma, mfamasia alikuwa na leseni, muuguzi alikuwa mwangalifu, na kompyuta iliyowaunganisha wote watatu ilihesabiwa miongoni mwa mifumo bora ya zama zake. Saa chache baadaye kijana alishikwa na degedege kali, na kwa rehema za Mungu akapona. Profesa Robert Wachter wa chuo hicho hicho aliisimulia habari hii kinagaubaga katika kitabu chake The Digital Doctor, kilichotoka mwaka 2015, kwa ridhaa ya hospitali yenyewe. Na kwa kufanya hivyo hospitali ile ilitenda jambo la insafu, kwa kuwa aghalabu misiba ya namna hii hufukiwa pamoja na aliyepatwa nayo.

Yafaa tulifuate kosa hili hatua kwa hatua. Kijana alikuwa na uzito wa kilo 38.6, na kanuni ya hospitali iliamuru kwamba mgonjwa aliye chini ya kilo 40 apimiwe dawa kwa uzito wake, yaani miligramu kadhaa kwa kila kilo moja ya mwili. Daktari aliandika miligramu 5 kwa kilo, kompyuta ikazidisha ikapata 193. Lakini kidonge kilichopo kina miligramu 160, na cha 193 hakijatengenezwa na mtu, kwa hiyo mfamasia, akifuata kanuni nyingine ya hospitali, akamtaka daktari aandike upya agizo la miligramu 160. Daktari akaandika 160. Jambo asilolitambua ni kwamba kisanduku cha kipimo kilikuwa kimejirudia chenyewe kwenye miligramu kwa kilo, na mashine, isiyojua haya wala mshangao, ikazidisha 160 kwa uzito wa kijana, ikapita miligramu 6,000, ikatoa jawabu la vidonge 38 na nusu.

Onyo lilitokea mbele ya daktari, akalipita. Likatokea mbele ya mfamasia, naye akalipita, kwa sababu, kwa maelezo ya Wachter, wafamasia wa hospitali hiyo walikuwa wakitokewa na maonyo katika karibu nusu ya maagizo yote yaliyopita mikononi mwao, na mbwa anayembwekea kila mpita njia hasikilizwi usiku anapokuja mwizi. Roboti ikavifunga vidonge bila kukosea hata kimoja. Muuguzi alishangazwa na wingi wake, akapitisha kisomeo juu ya ile alama ya mistari iitwayo barkodi, na kompyuta ikamthibitishia kwamba hivyo ndivyo alivyoandikiwa mgonjwa. Shaka ya binadamu ikanyenyekea mbele ya yakini ya chombo.

Sasa, ni nani aliyeamua kwamba kisanduku kile kiwe na desturi ya kurudi kwenye miligramu kwa kilo, na kwamba onyo la kipimo kilichozidi mara 38 lifanane kwa rangi na umbo na onyo la kipimo kilichozidi kidogo tu? Msomaji asiyeifahamu kazi hii hudhani kwamba mambo kama hayo huja na kompyuta kutoka kiwandani, kama magurudumu yanavyokuja na gari. Sivyo. Programu za hospitali huja zikiwa na nafasi tupu maelfu kwa maelfu, na lazima pawepo mtu wa kuzijaza: dawa gani ziingie katika orodha, kila dawa ipimwe kwa kipimo gani, kiasi cha juu kisichovukwa ni kipi, dawa ipi ikikutana na ipi mashine ipige kelele, na ipi ikikutana na ipi inyamaze. Mtu huyo, katika hospitali kubwa za Marekani, Uingereza na Australia, aghalabu ni mfamasia aliyeacha kaunta ya dawa akahamia kwenye meza ya mifumo, na juu yake ndipo yalipozuka mazungumzo ya vyeti maalumu.

Kazi yake ina mambo madogo ambayo kwa jicho la mbali huonekana ya kipuuzi. Mathalani, huzuia nukta ya desimali isitanguliwe na uwazi: nusu miligramu sharti iandikwe 0.5, isiandikwe nukta na 5 peke yake, kwa maana nukta hufifia na mgonjwa akapewa 5. Na miligramu 5 isiandikwe 5.0, kwa maana nukta ikifutika hubaki 50. Hupambanua majina yanayoshabihiana kwa kukuza herufi za katikati, ili hydrALAZINE, ambayo hushusha shinikizo la damu, isichaguliwe mahali pa hydrOXYzine, ambayo hutuliza mwasho. Majina haya mawili hukaa jirani katika orodha ya kompyuta, na kidole kinachoteleza mstari mmoja hubadilisha ugonjwa unaotibiwa. Huhakikisha kwamba dawa ikiadimika na nyingine ya kiwanda kingine ikaletwa badala yake, barkodi ya pakiti mpya inatambuliwa na mfumo kabla pakiti haijafika wodini, la sivyo wauguzi watazoea kukiruka kisomeo, na mazoea ya kuruka yakishaota mizizi hayang'oki. Fauka ya hayo, huweka utaratibu wa siku umeme unapokatika au mtandao unapolala, wakati ambapo hospitali nzima hurudi kwenye karatasi na kugundua kwamba vijana wake hawakufundishwa kuandika karatasi.

Barkodi nayo ina asili ya kupendeza. Mwaka 1992 muuguzi Sue Kinnick wa hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Topeka, katika jimbo la Kansas, alikuwa akirudisha gari la kukodi, akamwona mhudumu akilipokea kwa kupitisha kifaa kidogo juu ya alama ya mistari. Akajiuliza kwa nini gari lilindwe kwa uangalifu kuliko dawa ya mgonjwa. Wazo lake likafanyiwa majaribio hospitalini kwake, likaenea katika hospitali za wastaafu kote Marekani, na mwaka 2004 serikali ya nchi hiyo ikaamuru dawa nyingi zitumikazo hospitalini ziwe na barkodi juu ya pakiti zake. Wazo la muuguzi likazaa kazi kubwa kwa wafamasia, kwa kuwa kila alama iliyochapwa ilihitaji mtu wa kuifungamanisha na jina sahihi, nguvu sahihi na kipimo sahihi ndani ya kompyuta.

Wala isidhaniwe kwamba mashine ni adui. Mwaka 1998 David Bates na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, wakaonyesha kwamba madaktari walipoacha kuandika dawa kwa mkono na kuagiza kwa kompyuta, makosa makubwa ya dawa yalipungua kwa asilimia 55. Hiyo si faida ya kudharauliwa. Lakini mwaka 2005 Ross Koppel na wenzake, wakiuchunguza mfumo wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walitaja namna 22 ambazo mfumo wenyewe uliyapa makosa ya dawa nafasi ya kutokea. Wote wawili walisema kweli, na ukizisoma kazi zao pamoja utaona kwamba kompyuta haikuyaondoa makosa yote, bali baadhi yake iliyahamisha, kutoka kwenye mwandiko mbaya wa daktari mmoja hadi kwenye maamuzi ya mtu aliyeupanga mfumo, ambaye akikosea mara moja hukosea kwa wagonjwa wote.

Ikiwa ndivyo, mtu huyo apimwe kwa mizani gani? Leseni ya ufamasia haitoshi, kwa kuwa huthibitisha ujuzi wa dawa na sheria zake, haisemi lolote juu ya mifumo. Na shahada ya kompyuta haitoshi, kwa kuwa haimfundishi mtu kwamba figo zikidhoofika kipimo nacho hupunguzwa. Marekani, ambako vyama vya taaluma vina nguvu nyingi, walianza na mafunzo kabla ya mtihani: chama cha wafamasia wa hospitali kiitwacho ASHP, kilichoasisiwa mwaka 1942, husimamia mafunzo ya vitendo baada ya shahada, na kijana aliyemaliza mwaka wa kwanza wa mafunzo ya jumla anaweza kuchukua mwaka wa pili katika elimu ya mifumo peke yake, akae na wajenzi wa programu, aketi katika kamati za dawa, na aamshwe usiku mfumo unapokwama. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia iliyo bora kuliko zote, na ndiyo iliyo ngumu kuipata.

Walio wengi hupita njia ya mtihani. Madaktari wa Marekani walifunguliwa mlango wao mwaka 2011, bodi zao zilipoitambua elimu ya mifumo ya tiba kuwa tawi la ubingwa, na mtihani wa kwanza ukafanywa mwaka 2013. Lakini mlango huo ulikuwa wa madaktari tu, mfamasia na muuguzi wakabaki barazani, ingawa mara nyingi ndio waliokuwa wakiifanya kazi yenyewe. Baadaye jumuiya ya AMIA ikaanzisha cheti kwa watu wa fani zote za afya, kinachodai elimu ya juu pamoja na uzoefu. Kabla yake palikuwapo cheti cha CPHIMS cha jumuiya ya HIMSS, iliyozaliwa mwaka 1961, ambacho humtaka mwenye shahada ya kwanza awe na miaka 5 ya kazi ya mifumo, mitatu kati yake ikiwa katika afya. Mtihani wake ni wa kuchagua majibu, na cheti hudumu miaka 3, kisha mwenyewe hukihuisha kwa masomo ya ziada au kwa kufanya mtihani tena. Australia nao wana chao kiitwacho CHIA, tangu mwaka 2013. Shirikisho la kimataifa la wafamasia, FIP, lililoundwa mwaka 1912 mjini The Hague, lilipotangaza malengo 21 ya kuendeleza taaluma mwaka 2020, liliifanya afya ya kidijiti kuwa lengo la 20.

Vyeti hivi ni vya hiari. Hakuna kati ya nilivyovitaja ambacho ni leseni, na ni vyema hilo lifahamike bayana, maana palipo na cheti hapakosi ada, na palipo na ada ya kukihuisha kila baada ya miaka kadhaa hapakosi mfanyabiashara mwenye tabasamu. Mtihani wa kuchagua majibu waweza kumpima mtu kama anajua maana ya viwango vya kubadilishana taarifa kati ya mfumo na mfumo, kama anaelewa usimamizi wa mradi, kama anajua wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa. Lakini hauwezi kumpima kama angeishuku ile desturi ya kisanduku cha San Francisco. Hata hivyo una faida moja nisiyoweza kuikana, nayo ni kumpa mfamasia kauli katika kikao. Anapokaa mbele ya wauzaji wa programu na wakuu wa hospitali, akasema kwamba mfumo huu usiwashwe Jumatatu kwa kuwa orodha ya dawa za watoto haijahakikiwa, asiye na hati huambiwa anaogopa mabadiliko.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limekwisha kubisha hodi, ijapokuwa kwa umbo lingine. Tanzania ina Bohari ya Dawa tangu mwaka 1993, na maombi ya dawa ya vituo vya afya hupita katika mfumo wa kielektroniki. Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijiti mwaka 2023, na Tanzania ilikuwa imetangulia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Katika zahanati ya mbali kosa la kisanduku halimletei mtu vidonge 38, bali humletea rafu tupu: mhudumu akiomba 10 kwa kukusudia makopo ya vidonge 1,000, na mfumo ukaelewa vidonge 10, hakuna roboti wala degedege, ila kuna mama atakayeambiwa mwezi mzima kwamba dawa ya shinikizo la damu imekwisha. Kosa ni lile lile la kipimo kisichosemwa, na mtihani uliotungwa kwa hospitali za Marekani hautamuuliza mtahiniwa habari za makopo.

Kwa hiyo mfamasia kijana wa Dodoma au Kisumu anayeniuliza kama akilipie cheti cha ng'ambo, simkatazi, kwani CPHIMS hufanywa na watu wa nchi nyingi na elimu yake ni ya kweli. Ila namwomba kwanza aingie katika chumba ambamo orodha ya dawa za hospitali yake inaandikwa ndani ya kompyuta, aulize ni nani aliyechagua kila kipimo na kwa idhini ya nani, na siku mfumo mpya utakapowashwa asirudi nyumbani mpaka maagizo ya wodi ya watoto ya usiku ule yawe yamepitiwa moja moja.