Mtoto kapata kazi? Muulize kafundishwa nini

Kijana anapopata kazi ya kwanza, nyumbani huulizwa maswali mawili: atalipwa kiasi gani na anaanza lini. Swali la tatu husahaulika: nani atamwonyesha namna ya kuifanya kazi hiyo bila kuumia?

Mgeni kazini yuko hatarini kuliko wenzake. Hajaijua mashine, anaona haya kuuliza na anataka kumridhisha bosi. Akiambiwa "safisha haraka, wateja wanasubiri", atapeleka mkono kwenye mkanda unaozunguka. Vidole hukatika kufumba na kufumbua.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo ya usalama. Si hisani, ni wajibu wake.

Mafunzo si kusaini karatasi tu. Kwenye mashine ya kusaga, kijana aonyeshwe kuzima swichi kuu na kusubiri mkanda usimame kabla ya kusafisha, na asivae nguo inayoning'inia. Anayechomelea vyuma avae kinga ya macho kabla ya cheche ya kwanza. Msafishaji wa hoteli ajue kwamba dawa yenye klorini haichanganywi na asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu. Na kila mmoja aujue mlango wa kutokea moto ukizuka.

Msimamizi naye afundishwe, maana ndiye anayepanga kasi ya kazi. Akiondoa kinga ya mashine ili mzigo uishe mapema, vijana watamwiga. Akisimamisha kazi kwa sababu waya umechubuka, watajifunza kwamba kusimama si uvivu.

Wazazi, hatari nyingine hurudi nyumbani jioni. Vumbi la risasi kutoka kwenye betri mbovu, au dawa ya kuulia wadudu wa shambani, hubaki kwenye nguo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto mchanga. Basi anayefanya kazi hizo abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kama mwanao hajatimiza miaka 18, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu aajiriwe migodini, kiwandani wala popote penye mazingira ya hatari.

Leo jioni muulize: Nani alikufundisha? Mashine inazimwaje? Ukiumia unamwambia nani? Akibabaika, mwambie kesho amwombe msimamizi amwelekeze kabla ya kugusa chochote. Muulize pia kama mwajiri amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango huo hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa kijana.