Je, Wajua? Soda ya Moto Haijapashwa

Ukiagiza soda dukani Mwanjelwa jijini Mbeya, au mjini Iringa, muuzaji huenda akakuuliza: "Ya baridi au ya moto?" Usidhani ya moto imepita jikoni. Imetoka rafuni tu, haikukaa kwenye friji. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni au Julai chupa ya rafuni huweza kukupoza vidole asubuhi. Hata hivyo bado inaitwa ya moto, kwa sababu kipimo ni friji, si hali ya hewa. Kwenye lugha ya viwanda, zote mbili ni vinywaji baridi, hata zikianikwa juani!

Baridi ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo halichukui kiambishi: maji baridi, chai baridi, vyakula baridi. Zuri hubadilika: maji mazuri, chai nzuri, vyakula vizuri. Neno baridi utalikuta pia kwenye Vita Baridi vya Marekani na Umoja wa Kisovieti, na kwenye baridi yabisi, ugonjwa wa maumivu ya viungo. Yabisi maana yake ni kavu.