Je, Wajua? Chipu Huandikwa kwa Maneno

Leo ni zamu ya chipu, na tunaanzia sikioni mwa ng'ombe.

Je, wajua kwamba hereni ya kawaida ya kielektroniki ya ng'ombe haina betri kabisa? Ndani yake mna koili ya waya na kichipu kidogo, basi. Ukisogeza kifaa cha kuisomea, uga wa sumaku wa kifaa hicho ndio unaoipa umeme, na papo hapo hereni inataja namba yake.

Inaitaja mara ngapi? Zaidi ya mara 32 kwa sekunde moja! Hereni ya aina ya kawaida inayofuata kipimo cha kimataifa, kile cha mawimbi ya kilohezi 134.2, hutoa biti 128 (kila biti ni 0 au 1) kila inapojitaja. Kabla hujamaliza kuitikia salamu ya jirani, imeshajitaja zaidi ya mara 10.

Namba yenyewe ina tarakimu 15. Nchi ikitumia msimbo wake, 3 za mwanzo huonyesha mnyama ni wa wapi: Tanzania ni 834, Kenya ni 404. Ng'ombe akivuka mpaka usiku, sikio lake linasema alikotoka.

Shika hii sasa. Ikihifadhiwa kwa biti, sehemu iliyobaki ya namba hiyo ina nafasi 274,877,906,944. Tanzania nzima ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wote wangeingia humo mara elfu kadhaa bila wawili kugongana namba!

Nani basi alikaa akachora kichipu kama hicho, waya kwa waya? Siku hizi hachori mtu. Mhandisi huandika maneno: saa ikipiga, toa biti inayofuata; biti zikiisha, anza upya. Lugha mbili kubwa za kazi hiyo zinaitwa Verilog na VHDL, na kompyuta ndiyo inayogeuza maandishi hayo kuwa saketi.

Wajua kwamba lugha hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya kutengeneza chipu? VHDL ilianzishwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani miaka ya 1980 ili wauzaji wa chipu waeleze kwa maandishi bidhaa zao zinafanya nini. Watu wakaona maelezo hayo yanaweza kuendeshwa ndani ya kompyuta na kujaribiwa. Kutengenezea chipu kulifuata baadaye!

Na ukiisoma programu ya Verilog kama unavyosoma gazeti, kutoka juu kwenda chini, utapotea. Vipande vyake hufanya kazi vyote kwa wakati mmoja, kama kundi lililofika mtoni na kuinamisha vichwa kwa pamoja. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho.

Umefundishwa kwamba kompyuta inajua 0 na 1 tu? Katika Verilog, waya mmoja una hali 4: 0, 1, "haijulikani" na "hakuna anayeushika". VHDL imekwenda mbali zaidi, waya wake wa kawaida una hali 9! Mimi naipenda zaidi ile ya "haijulikani". Saketi ikijaribiwa ndani ya kompyuta bila kupewa pa kuanzia, mashine haibahatishi, inakuambia wazi kwamba haijui, na hapo ndipo kosa linakamatwa.

VHDL hupima muda hadi femtosekunde. Gawa sekunde 1 mara milioni, kila kipande kigawe tena mara milioni, kisha kila kilichopatikana kigawe mara 1,000. Mwanga wenyewe, unaokimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya muda huo hauvuki hata unene wa unywele wako!

Tumbukia kidogo kwenye historia. Mwaka 1973 ulimwengu ulitambulishwa SPICE ya Laurence Nagel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, programu ya kuiga saketi ndani ya kompyuta ambayo vizazi vyake vinatumika hadi leo. Mwaka uliofuata, 1974, Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini! Bila kompyuta, aliyetamani kujaribu saketi Dar es Salaam alibaki na karatasi, kalamu na waya.

Simu iliyo mfukoni mwako je? Karibu hakika inatumia chipu ya ukoo wa ARM. Babu wa ukoo huo aliundwa Cambridge, Uingereza, na kabla hajawa chipu aliigwa kwa mistari 808 ya lugha ya BASIC. Alipowashwa tarehe 26 Aprili 1985, alifanya kazi mara ya kwanza. Kipimo kikaonyesha hatumii umeme wowote. Kumbe waya wake wa umeme haukuwa umeunganishwa: alikuwa akiishi kwa umeme uliovuja kutoka nyaya nyingine!

Kosa likiponyoka majaribio, bei yake unaijua? Mwaka 1994 chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel ilipatikana inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 na jibu ni 1.33382, yenyewe ilitoa 1.33374. Kosa hilo liliigharimu Intel dola milioni 475.

Lakini kuiga kuna jasho lake. Chipu halisi inayopiga mara bilioni 1 kwa sekunde, ukiiiga kwenye kompyuta inayomudu mapigo 1,000 kwa sekunde, sekunde yake moja tu itakula siku 11 na nusu. Usiku na mchana!

Rudi kwenye hereni kidogo. Koili yake ni kazi ya SPICE, maana umeme wake hupanda na kushuka kwa mfululizo, hauruki. Namba yake ni kazi ya Verilog. Kwa miaka mingi watu wengi walijaribu kila upande peke yake. Leo ngspice, mjukuu wa SPICE ya Nagel, hupokea Verilog na VHDL pia, ukaona koili na namba vikifanya kazi pamoja kwenye kioo kimoja!

Na si mambo ya ng'ambo tu. Tengeru, Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela husomesha shahada ya uzamili ya kompyuta ndogo zinazofichwa ndani ya vifaa. Nyeri, Kenya, penye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda kinachoshughulika na chipu.

Una laptopu? Chukua programu hizi: Icarus kwa Verilog, GHDL kwa VHDL, na ngspice kwa koili. Zote ni bure, na zikishaingia hazihitaji tena mtandao. Anza na saketi ya kuhesabu hadi 15, kisha iambie itaje 834.