Deni la Masomo: Someni Kabla ya Kutia Sahihi

Wakulima wengi wa Kitale na Bungoma huuza mahindi yao ili kuwasomesha watoto, na bado karo ya chuo kikuu huwashinda. Ndipo kijana huleta fomu za mkopo nyumbani. Yafaa karatasi hizo zisomwe kwa makini, kwa maana hazimfungi mwanafunzi peke yake.

Mikopo hii si jambo geni. Tangu mwaka wa 1952 Serikali ya kikoloni iliwakopesha Wakenya waliosoma vyuo vikuu nje ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1974 Serikali ya Kenya ilianza kuwakopesha waliosoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Lakini wengi hawakulipa, wala sheria ya kuwadai haikuwa na nguvu. Kwa hiyo mwaka wa 1995 Bunge lilitunga sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kama HELB.

Kwa sheria hiyo, mkopaji yampasa aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mwajiri naye yampasa kuiarifu Bodi, kisha kukata fedha katika mshahara kila mwezi. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi, na wadhamini wake waweza kudaiwa. Mdhamini huyo mara nyingi ni mzazi mwenyewe, aliyetia sahihi akidhani anamsaidia mtoto kujaza fomu tu.

Lipo pia deni la utumishi. Mtumishi wa Serikali anayepelekwa masomoni kwa gharama ya Serikali hutia sahihi kwamba atarudi kazini kwa muda uliowekwa. Akiondoka kabla ya muda huo, hudaiwa fedha. Makarani wanaotaka masomo zaidi na walikumbuke hilo.

Je, kijana asiyepata kazi afanyeje? Asinyamaze, kwa maana deni halilali. Na aiandikie Bodi mapema, aeleze hali yake na kuomba mapatano ya malipo.

Dawa ya deni ni kulipa. Fedha zinazorudi hukopeshwa wengine, na huenda miongoni mwao yumo mtoto wa jirani yako anayengojea nafasi katika Chuo Kikuu cha Kibabii.