Namba Tasa ya Tarakimu 39

Namba tasa ni namba nzima, kubwa kuliko 1, isiyogawanyika pasipo baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hivyo 2, 3, 5, 7 na 11 ni tasa, lakini 15 si tasa, maana ni 3 mara 5. Euclid, Mgiriki wa kale, alithibitisha kwamba namba hizi hazina mwisho. Hata hivyo, kujua kwamba hazina mwisho hakumwonyeshi mtu namba fulani kubwa kuwa ni mojawapo.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya namba za namna moja: 2 huzidishwa kwa yenyewe mara kadha, kisha huondolewa 1. Kwa kipeo cha 5 hupatikana 32, na baada ya kuondoa 1 hubaki 31, ambayo ni tasa. Kipeo chenyewe sharti kiwe tasa, lakini sharti hilo halitoshi. Kipeo cha 11 hutoa 2047, nayo ni 23 mara 89. Mersenne alisema kwamba kati ya vipeo visivyozidi 257 vinavyofaa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu. Uthibitisho hakuutoa.

Kipeo cha 127 hutoa namba hii:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Kuijaribu kwa kuigawanya kwa kila namba tasa ndogo kungemaliza umri wa mtu kabla ya kazi kwisha. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa, alipata njia nyingine, ambayo baadaye D. H. Lehmer wa Marekani aliitengeneza iwe nyepesi zaidi. Huanzwa na 4. Namba hupandishwa kipeo cha pili, huondolewa 2, kisha huchukuliwa baki baada ya kugawanya kwa namba inayochunguzwa. Kwa 31 hupatikana 14, kisha 8, kisha 0. Na 0 hiyo ndiyo ushahidi. Kwa kipeo cha 127 hatua zitakiwazo ni 125 tu.

Kwa hesabu ya Lucas, Mersenne alisadikika juu ya 127, lakini juu ya 67 alikanushwa. Vigawo vyake havikujulikana mpaka mwaka 1903, F. N. Cole alipovitaja: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kipeo cha 257 nacho hakifai, na 61, 89 na 107 vilisahauliwa. Namba ya Lucas ilipitwa mwaka 1951. Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa ya tarakimu 41,024,320, kazi ya mashine za kompyuta.

Jina la Kiswahili nalo lastahili kuangaliwa. Tasa ni asiyezaa. Na jibu la kuzidisha huitwa zao, neno litokanalo na kuzaa. Lakini namba hizi huzaa: 3 na 5 ndizo zilizozaa 15, na kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, isiyo tasa, ni zao la tasa. Ila yao ni nyingine, kwamba zenyewe hazikuzaliwa na namba nyingine ndogo. Jina limekwisha kuenea shuleni, wala si lazima libadilishwe. Bali mwalimu na mtunga kamusi wafasili maana yake kwa uangalifu, mwanafunzi asije akadhani kwamba ugumba ni wa namba ambazo kwa kweli ndizo wazazi wa nyingine zote.